Shamba la EK na Daftari la Hesabu

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Waliosoma Tanzania miaka ya sabini na themanini wanalikumbuka kwa herufi mbili, EK, na ukiwatajia herufi hizo watakusimulia matuta ya mahindi, banda la kuku na ndoo za maji vichwani. Ni wachache watakaokutajia hesabu. Hata hivyo ndani ya andiko lile mlikuwa na somo kamili la fedha kwa vijana, na shule nyingi zilichukua jembe zikaliacha somo.

Hoja ya Mwalimu ilianzia kwenye mfuko wa taifa. Elimu ilikuwa inakula takriban asilimia 20 ya mapato ya serikali, ilhali kati ya watoto waliomaliza shule ya msingi, kama asilimia 13 tu ndio waliopata nafasi sekondari. Waliobaki walirudi kijijini. Walioanza shule na miaka mitano au sita walirudi wangali watoto, hawajaweza kushika kazi wala kukabidhiwa mali. Ndiyo maana alipendekeza waanze darasa la kwanza wakiwa wakubwa zaidi, ili wa darasa la saba atoke akiwa kijana wa kutegemewa.

Kisha akaeleza namna ya kumwandaa kijana huyo. Kila shule iwe pia shamba, na maisha ya wanafunzi yafungamane na shamba hilo kama maisha ya wazazi wao yanavyofungamana na lao. Wakilima vizuri, wale vizuri na mabweni yao yapendeze; wakizembea, waumie wao wenyewe. Wanafunzi washiriki kupanga kazi, watunze kumbukumbu, wawe na sauti katika kuamua mapato yatumikeje. Hapo ndipo palipokuwa na uzito wote wa jambo. Mtoto wa miaka 15 aliyeshiriki kuamua kama fedha za mahindi zinunue zana au zikarabati bweni amejifunza kupima leo na kesho kwa fedha halisi, fedha ambazo jasho lake limo ndani.

Wazo hilo halikutoka hewani. Huko Songea, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilikuwa tayari na shule yake Litowa, ambako watoto wa vijiji vya chama walisoma na kulima wakiwa sehemu ya jamii iliyojipangia mambo yake yenyewe. Mwalimu aliwathamini sana watu wa Ruvuma. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, chama tawala, ilikivunja chama hicho cha Ruvuma, na nchi ikapoteza mfano ambao ungeweza kuwaonyesha walimu wa kwingine jinsi jambo hili linavyofanyika.

Kilichofuata kinauma. Novemba 1974, Azimio la Musoma lilizitaka shule za sekondari zichangie robo ya gharama zao kwa miradi yao. Robo hiyo ikawa deni la mkuu wa shule, na mwenye deni haitishi mkutano wa wanafunzi kujadili matumizi. Katika shule nyingi wanafunzi walipalilia na kuvuna, lakini hawakujua gunia liliuzwa kiasi gani wala fedha zilikwenda wapi. Shamba likageuka mahali pa kumpeleka aliyechelewa shule. Kijana aliyelima miaka minne bila kuona ukurasa hata mmoja wa mapato na matumizi alijifunza jambo moja kuhusu fedha: kwamba ni siri ya wakubwa.

Hesabu zenyewe zilifundishwa, ila chumba kingine. Sekondari zilipogawanywa kwa michepuo ya kilimo, ufundi, sayansi kimu na biashara, wa mchepuo wa biashara walijifunza kutunza vitabu: mauzo, manunuzi, salio. Walijaza takwimu za maduka yasiyokuwepo, wakati nje ya dirisha shamba la shule lilikuwa na mauzo ya kweli. Walimu waliounganisha viwili hivyo, wakawakabidhi wanafunzi duka la ushirika la shule wahesabu bidhaa na kufunga hesabu, walilikaribia zaidi kusudio la 1967 kuliko waliokuwa na ekari nyingi.

Leo kijana wa kidato cha pili ana fedha kwenye simu ya mzazi wake, na benki zina akaunti za watoto na vijana. Somo la biashara nalo limepewa nafasi kubwa zaidi katika mtaala mpya wa sekondari. Bustani za shule bado zipo, kuku wapo, na chakula cha mchana kinachangiwa na wazazi kwa fedha na mahindi. Vitabu vya hesabu za vitu hivyo vipo ofisini kwa mkuu wa shule, na hakuna sababu ya msingi ya kuwazuia wanafunzi wa kidato cha tatu kuvifungua, kuvikagua na kuusomea mkutano wa wazazi walichokikuta.