Sailor Malan

Adolph Gysbert Malan (Wellington, Afrika Kusini, 24 Machi 1910 – Kimberley, 17 Septemba 1963), maarufu kwa jina la Sailor (yaani "baharia"), alikuwa rubani wa ndege za kivita katika Jeshi la Anga la Uingereza (RAF) wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alihesabiwa kuangusha ndege 27 za adui, akatunukiwa nishani za DSO na DFC, kila moja mara mbili. Baada ya vita aliongoza askari wastaafu waliopinga sera za ubaguzi wa rangi nchini kwake.

Maisha ya awali

Mwaka 1924 alijiunga na meli ya mafunzo General Botha, kisha akawa baharia wa kampuni ya Union-Castle. Ndiyo asili ya jina lake la utani. Aliingia RAF mwaka 1935 na mwishoni mwa 1936 akapangiwa Kikosi cha 74, ambacho baadaye kilipewa ndege za Spitfire.

Vita

Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kutangaza vita, tahadhari ya uongo iliwafanya marubani wa kikosi chake kuzishambulia ndege za Hurricane za wenzao. Mbili zilianguka, na rubani Montague Hulton-Harrop akafa. Marubani wawili walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Malan, aliyekuwa kiongozi wao angani, alitoa ushahidi upande wa mashtaka. Wakili wa utetezi alimwita mwongo, na washtakiwa wakaachiwa huru.

Alijipatia sifa katika mapigano ya Dunkirk mwaka 1940. Juni mwaka huo aliangusha ndege mbili za mabomu za Kijerumani katika usiku mmoja, ingawa Spitfire haikuwa na rada. Agosti 8 alikabidhiwa Kikosi cha 74, na Machi 1941 akawa kiongozi wa vikosi vya kituo cha Biggin Hill angani.

Mbinu zake

Kwa kawaida bunduki za mabawani zilitegwa ili risasi zikutane yadi 400 mbele ya ndege. Malan alizitega zikutane yadi 250, kwa hiyo rubani ilimbidi amkaribie sana adui kabla ya kufyatua. Kanuni zake kumi za mapigano ya angani zilienea katika RAF: miongoni mwake, kufyatua kwa sekunde moja au mbili tu, na kutoruka moja kwa moja kwa zaidi ya sekunde 30 penye mapigano.

Siasa

Aliacha jeshi mwaka 1946 na kurudi Afrika Kusini, ambako alifuga kondoo karibu na Kimberley. Mwaka 1951 alikuwa rais wa Torch Commando, vuguvugu la askari wastaafu lililopinga mpango wa serikali ya Waziri Mkuu D. F. Malan wa kuwaondoa Machotara wa Jimbo la Cape katika daftari la pamoja la wapiga kura. Maandamano ya mienge ya vuguvugu hilo yalivuta maelfu ya watu, lakini wanachama, wengi wao Wazungu, waligawanyika kuhusu kuwapokea Machotara wenyewe. Chama cha National, kilichokuwa madarakani, kilishinda tena uchaguzi wa 1953 na vuguvugu likafifia. Machotara waliondolewa katika daftari hilo mwaka 1956.

Kifo

Malan alifariki akiwa na umri wa miaka 53 kwa ugonjwa wa Parkinson. Fedha zilichangwa kwa jina lake kugharimia utafiti wa ugonjwa huo.