Saratani Haibagui, Watu Ndio Hubagua

Hospitali kuwapo ni jambo moja, na mnyonge kuifikia tiba ni jambo jingine. Hayo yalidhihirika Harlem, mtaa wa Wamarekani Weusi jijini New York. Kati ya wagonjwa 606 wa saratani ya matiti waliopokewa katika hospitali ya mtaa huo tangu 1964 hadi 1986, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 39 tu. Wengi walifika ugonjwa umekwisha kukomaa.

Daktari Harold Freeman hakuilaumu rangi ya ngozi. Aliona umaskini, ukosefu wa bima na urasimu. Mwaka 1979 alianzisha huduma ya kupima saratani bila malipo. Mwaka 1990 akaweka waelekezi, wenyeji wa jamii ile, wamwongoze mgonjwa tangu kupimwa hadi kutibiwa. Kwa wagonjwa wa miaka ya 1995 hadi 2000, kiwango cha kupona miaka mitano kilifikia asilimia 70.

Pengo baina ya weusi na weupe lingalipo Marekani. Lakini Harlem imethibitisha kwamba halikuletwa na maumbile pekee: lilijengwa pia na binadamu, na binadamu waweza kulibomoa.