Waziri Mkuu katika Ufalme wa Kikatiba

Katika ufalme wa kikatiba, serikali huitwa ya mfalme, lakini anayeiendesha ni waziri mkuu. Mfalme au malkia hufungua Bunge, huteua mawaziri na kuidhinisha miswada. Karibu yote hayo huyafanya kwa ushauri wa waziri mkuu, na ushauri huo kwa desturi haukataliwi. Uingereza, mara ya mwisho mtawala kukataa kuidhinisha mswada uliopitishwa na Bunge ilikuwa mwaka 1708, enzi za Malkia Anne.

Cheo cha waziri mkuu hakipatikani kwa kupendwa ikulu. Hakipatikani hata kwa wingi wa kura, bali kwa wingi wa viti, na Zanzibar iliuona ukweli huo kwa uchungu. Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha ASP kilizoa zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. ZNP ilipata 12, ZPPP 6. Vyama hivyo viwili vikashikana, na Mohammed Shamte Hamadi wa ZPPP, chama kilichokuwa na viti vichache kuliko vyote, akaendelea kuwa waziri mkuu. Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyerithi kiti mwezi huohuo, hakuwa na la kuamua. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yakawang'oa wote wawili, sultani na waziri mkuu wake.

Tanganyika nayo, jambo ambalo wengi wamelisahau, ilikuwa na malkia kwa mwaka mzima baada ya uhuru. Elizabeth II aliwakilishwa Dar es Salaam na Gavana Mkuu, Richard Turnbull. Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 ili akakijenge chama chake, TANU, Rashidi Kawawa alishika nafasi yake bila uchaguzi mkuu. TANU ilikuwa na Bunge mkononi, basi.

Je, waziri mkuu akishauri vibaya? Agosti 2019 Boris Johnson, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alimshauri Malkia asimamishe vikao vya Bunge kwa wiki tano, naye akaridhia. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, walitamka kwamba ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria, hivyo usimamishaji wenyewe ni batili. Lawama zilimwendea aliyeshauri. Kesho yake wabunge walirudi ukumbini.