Wanawake katika riwaya ya awali ya Kiswahili

Wanawake hawa ni waandishi wa kike waliochipuka miaka ya 1970 na 1980, pamoja na mashujaa wa kike waliowabuni. Ndyanao Balisidya wa Tanzania alitoa Shida mwaka 1975, riwaya ya vijana wanaokimbilia mjini kutoka kijijini na kukutana na dhiki. Zainab Burhani alifuata na Mali ya Maskini (1981) na Mwisho wa Kosa (1987), ambamo Monalisa, msichana aliyesoma ng'ambo, anarejea nyumbani na msimamo wake. Mbali zaidi, katika mji wa Kolwezi mkoani Lualaba, nchini Kongo, Kiswahili kilistawi kwenye kambi za wachimba shaba, lakini Kifaransa kilitawala vitabu. Riwaya hizi zinastahili wasomaji huko pia.