Kabla ya Kupanda Meli: Kutoka Karantini ya Mahujaji hadi Fomu ya Afya Simuni



Zamani fungate ilikuwa ndani. Biharusi akikaa siku saba chumbani, akiletewa chakula, akisingwa, na somo wake yuko naye. Siku hizi wapo wanaoichukua fungate baharini, kwenye meli kubwa za kitalii zenye vyumba, mikahawa na madimbwi ya kuogelea, zile ambazo hata bandari zetu za Unguja na Mombasa zinazijua. Anayejitayarisha kwa safari ya namna hiyo atakuta kuna mambo ya kukamilisha kabla hajaona ngazi ya meli: picha ya uso, saa maalumu ya kufika bandarini, na maswali kuhusu afya yake.

Wengi hudhani mambo haya yalizaliwa na korona. Ukweli ni kwamba korona ilibadilisha utaratibu wa kupanda meli, lakini swali lenyewe ni la kale: nani apande, nani angoje, na nani atasema kweli kuhusu hali yake? Na katika historia ya swali hilo, sisi Waislamu tumo tangu mwanzo.

Amri ilikuwepo kabla ya bandari

Mwaka wa 18 Hijria, tauni ilizuka Amwas, katika nchi ya Sham. Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa njiani kuelekea huko. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari za maradhi. Akashauriana na masahaba, rai zikatofautiana, mwisho akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Jawabu la Umar linajulikana: anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf na ushahidi wa hadithi ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam: mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikizuka mahali mlipo msitoke kuikimbia.

Hadithi hiyo ina pande mbili, na kila mmoja ana mzigo wake. Aliye nje anazuiwa asiingie kwa usalama wake. Aliye ndani anazuiwa asitoke kwa usalama wa wenzake, na huyu ndiye mwenye mtihani mkubwa zaidi. Kila utaratibu wa bandari uliokuja baadaye ulijaribu kuzibeba pande hizo mbili.

Arubaini ya meli

Huko Ulaya, mji wa Dubrovnik, ambao zamani ukiitwa Ragusa, uliamuru mwaka 1377 kwamba wanaotoka sehemu zenye tauni wakae pembeni siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye muda ukawa siku 40, na kwa lugha ya Waitaliano arubaini ni *quaranta*. Ndiko lilikotoka neno karantini. Mwaka 1423 Venice ikatenga kisiwa kizima kwa wagonjwa wa tauni.

Kwetu wanawake wa pwani, arubaini si neno geni. Mzazi hukaa arubaini, akatunzwa na kupumzishwa. Tofauti ni kwamba arubaini ya mzazi ina mama na mashangazi wanaoingia na uji, na ile ya meli ilikuwa na bendera ya manjano, askari na kungoja. Bendera hiyo bado ipo. Zamani rangi ya manjano ilihusishwa na meli yenye maradhi. Leo meli ikiipandisha maana yake ni kwamba inajitangaza kuwa ni nzima na inaomba ruhusa ya kuingia bandarini.

Angalia vizuri utaratibu ule ulivyokuwa: ukaguzi ulikuwa mwisho wa safari. Watu walipanda meli bila ya kuulizwa mengi, na bandari ya kufikia ndiyo iliyojilinda.

Mahujaji na mwaka 1865

Karne ya 19 ilikuja na meli za moshi. Safari iliyokuwa ikingoja pepo za msimu ikawa ya siku chache, na kipindupindu nacho kikapata usafiri wa haraka. Katika hija ya mwaka 1865 maradhi hayo yaliua mahujaji wanaokadiriwa kufika 15,000. Walionusurika walipanda meli kurudi makwao. Inaelezwa kuwa manahodha wa meli za mwanzo kufika Suez walisema hakuna maradhi ndani, na hali maiti walikuwa wameshatoswa baharini njiani. Abiria wakashushwa, wakaendelea hadi Alexandria, na kutoka hapo kipindupindu kikasambaa katika bandari za Mediterania na Ulaya.

Maradhi ni kadari. Lakini uongo wa pale Suez ulikuwa ni kazi ya watu, na walioulipa ni wengine.

Mwaka uliofuata, 1866, mataifa yalikutana Istanbul kuzungumzia namna ya kuzikagua safari za mahujaji. Mwaka 1882 serikali ya Uthmania ikafungua kituo cha karantini katika kisiwa cha Kamaran, karibu na pwani ya Yemen. Mahujaji waliopita mlango wa Bab el Mandeb kutoka kusini, wakiwemo wa India na visiwa vya Java, walishushwa hapo kabla ya Jeddah. Nguo na mizigo ilitiwa katika mashine za mvuke, watu wakaogeshwa, kisha wakangoja siku kadhaa kwenye mabanda. Na waliilipia ada karantini hiyo. Kwa wanaorudi kaskazini baada ya hija, kituo kikubwa kilikuwa El Tor, katika Sinai. Hapo ndipo mwaka 1905 vijidudu vya aina moja ya kipindupindu viligunduliwa katika miili ya mahujaji, na mpaka leo aina hiyo inaitwa kwa jina la mji huo.

Mtu anayefikiria mabibi waliokwenda hija enzi hizo aongeze na hili: mwanamke amesafiri majuma, stara yake imo ndani ya bahasha moja ya nguo, na bahasha hiyo anaambiwa aitoe ikatiwe mvuke. Ilikuwa kinga, na pia ilikuwa unyonge, maana masharti mazito zaidi yaliwaangukia abiria masikini wa daraja la chini.

Changuu, mbele ya macho yetu

Zanzibar nayo ilionja. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana mjini. James Christie, daktari aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo, aliandika kitabu chake mwaka 1876 akiifuata njia ya maradhi hayo kutoka upande wa Bahari ya Shamu, kupitia bara, hadi Pangani na kisha kisiwani.

Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikipata kisiwa cha Changuu na kujenga jengo lililokusudiwa kuwa gereza. Wafungwa hawakupelekwa. Badala yake kisiwa kikawa kituo cha karantini, hasa kwa hofu ya homa ya manjano, na kikapokea abiria wa meli zilizokuwa zikija katika nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Kwa hivyo biharusi anayekwenda Changuu leo kupiga picha na kobe amesimama mahali ambapo abiria walikaa wiki moja au mbili wakiutazama mji wasiweze kuufikia.

Korona inauhamisha mlango

Turudi kwenye meli za kitalii. Tarehe 20 Januari 2020, meli Diamond Princess iliondoka Yokohama, Japani. Miongoni mwa abiria alikuwemo mmoja aliyekuwa ameanza kukohoa siku moja kabla. Hakuna aliyemuuliza, maana wakati ule kikohozi hakikuwa jambo la kumzuia mtu ngazini. Alishuka Hong Kong tarehe 25, na tarehe 1 Februari ikathibitika kuwa ana korona. Meli iliporudi Yokohama ikawekwa karantini ikiwa na watu 3,711. Abiria walifungiwa vyumbani, na wafanyakazi wakaendelea kupika na kugawa chakula huku wakilala vyumba vya pamoja. Zaidi ya watu 700 waliambukizwa.

Ulikuwa utaratibu wa Kamaran katika meli ya karne ya 21: kuzuia mwisho wa safari, wakati maradhi yameshakula na kulala na watu. Meli nyingine, Westerdam, ilikataliwa na bandari kadhaa mpaka Kambodia ilipoipokea mwezi huo huo wa Februari. Tarehe 14 Machi 2020 Marekani ikapiga marufuku safari za meli hizo kutoka bandari zake.

Ziliporudi, mlango ulikuwa umehamishwa. Badala ya kungoja bandari ya kufikia, ukaguzi uliletwa kwenye bandari ya kuondokea. Agosti 2020 meli MSC Grandiosa ilianza tena safari kutoka Genoa, Italia. Kila abiria alipimwa joto, akajaza fomu ya afya na akachukuliwa kipimo cha puani kabla ya kupanda. Idadi ya abiria ilipunguzwa, na matembezi ya miji yalifanywa kwa kundi la meli tu. Familia moja iliyojitenga na kundi lake ikakataliwa kurudi melini. Marekani safari zilirejea Juni 2021, kwa masharti ya chanjo na vipimo.

Foleni nayo ilibadilika. Zamani abiria elfu mbili na tatu walijaa ukumbini kwa pamoja, pasipoti mkononi. Sasa kila mtu alipangiwa saa yake ya kufika, akatuma picha yake na ya pasipoti kwa simu akiwa nyumbani, na kaunta ikabaki kwa uhakiki wa dakika chache. Hata zoezi la usalama lilibadilika. Kabla ya hapo, abiria wote walikusanywa kwa wakati mmoja kwenye vituo vyao, wamebanana bega kwa bega, kuonyeshwa jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea. Kampuni kadhaa zikaanza kuwaachia abiria watazame mafunzo kwa simu au televisheni ya chumbani, kisha kila mmoja aende kwa wakati wake kuonyesha kwamba anakijua kituo chake.

Vipimo na masharti ya chanjo viliondoka kadiri hofu ilivyopungua, na Julai 2022 mamlaka ya afya ya Marekani ilifunga mpango wake maalumu wa korona kwa meli. Yaliyobaki ni yale yaliyorahisisha kazi: saa ya kufika, picha ya mapema, zoezi la usalama lisilo na msongamano. Kwa mwanamke anayejihifadhi, kutobanana na wanaume ukumbini na kwenye sitaha ni nafuu ambayo haikuwa imekusudiwa kwake, lakini imemfikia.

Kwa biharusi anayejitayarisha

Jina la tiketi liwe lile lile la pasipoti. Dini yetu imemwachia mwanamke jina la babake baada ya ndoa, basi bwana harusi asikukatie tiketi kwa jina lake akidhani anakuenzi. Mtakwama kaunta.

Picha ya uso itahitajika, na bandarini utalinganishwa nayo. Mwenye kuvaa nikabu aombe mapema ahudumiwe na afisa wa kike, pembeni. Ombi hilo ni la kawaida, usilionee haya.

Ikiwa njia yenu inadai cheti cha homa ya manjano, chanja angalau siku 10 kabla ya safari, maana kabla ya hapo cheti hakihesabiki. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hivyo kihifadhi pamoja na cheti chako cha ndoa.

Na fomu ya afya, dada yangu, ijaze kwa ukweli. Najua ilivyo. Harusi imekwisha, pesa zimelipwa, hina bado mbichi mkononi, na usiku wa kuamkia safari unaanza kutapika au kupata homa. Moyo utakwambia uandike "hapana" na unywe vidonge. Kumbuka Suez mwaka 1865. Mbele yako katika meli ile yuko bibi wa watu mwenye pumu, yuko mjamzito, na yuko kijana anayefua mashuka yenu ambaye hana pa kujitenga. Wapigie simu wenye meli, waulize juu ya kuahirisha. Hata ikipotea sehemu ya pesa, hiyo ni mali. Afya ya wenzako ni amana, na amana ina siku ya kuulizwa.

Fungate ya bibi zetu ilikuwa siku saba ndani, na hakuna aliyesema wamekosa kitu. Ikibidi yako ianzie nyumbani kwa sababu umesema kweli, basi imeanza kwa baraka.

Allah awape maharusi wetu safari za salama na nyumba za mapenzi na huruma. Amin.