Remmy Ongala, mtoto wa Lualaba

Barabara ya kutoka Kabambare kwenda Kasongo ina umri mkubwa kuliko mipaka yote ya nchi zetu. Kuanzia miaka ya 1860 misafara ya Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba. Ilirudi na pembe za ndovu, na watu waliofungwa minyororo. Kasongo ndiko Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, alikoweka makao yake. Nyangwe, mwezi wa Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wa soko, wengi wao wanawake, wakimiminiwa risasi hadi wengine wakafa maji wakijaribu kukimbia. Anayesifu urithi wa Kiswahili huku Maniema, mashariki mwa Kongo, na aanze na hayo. Lugha hii ililetwa na wenye bunduki.

Wenye bunduki walishindwa. Majeshi ya Mfalme Leopold yaliteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, na Kabambare mwezi wa Januari 1894. Kiswahili hakikuondoka nao. Kilibaki sokoni, msikitini na jikoni, kikawa lugha ya kulelea watoto, na majina kama Ramazani, Salumu, Amisi na Assani yakawa ya Maniema kabisa. Upande wa pili wa ziwa nako, Wamanyema waliopelekwa kama wapagazi, askari au watumwa walijenga mitaa yao Ujiji na Kigoma, wakasonga hadi pwani. Mpaka leo Msikiti wa Manyema uko Kariakoo, Dar es Salaam.

Natanguliza historia hii kwa sababu bila hiyo hatumwelewi Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Remmy. Alizaliwa Kindu mwaka 1947. Kindu si Kasongo, lakini mto ni ule ule, na mkoa ni ule ule. Simulizi ya muziki wa Kongo kwa kawaida huanzia Léopoldville, ikafuata Lingala na studio za mji mkuu, na ni kweli huko ndiko sahani za santuri zilikotoka. Ila ukiandika hivyo tu, wanamuziki walioelekea mashariki hawaonekani, na huyu ni mkubwa wao.

Mwenyewe alisimulia kwamba mama yake alikuwa amefiwa na watoto wawili kabla yake, na kwamba yeye alizaliwa na meno. Kwa wazee, mtoto wa namna hiyo alikuwa na alama ya uganga, na nywele zake hazikupaswa kukatwa. Baadaye watu wa Dar walipomwita Daktari na kumwona na rasta zake ndefu, wengi walidhani anaiga Wajamaika. Baba yake alikuwa mtu wa ngoma na nyimbo. Wazazi walimfia mapema, akakua bila shule ya kutosha, akiwa na mikono miwili na gitaa.

Alianza kazi ya muziki akiwa kijana, katika miaka ya 1960 iliyoichoma Maniema: mwaka 1964 waasi wa Simba waliiteka Kindu. Alipiga katika bendi mbalimbali, Grand Mickey Jazz ikiwa mojawapo, Kongo na Uganda. Mwaka 1978 jamaa yake, Mzee Makassy, alimwita Dar es Salaam ajiunge na Orchestra Makassy. Wakati huo safari ya mashariki ilikuwa na reli yake. Wabelgiji walikuwa wameunganisha Kindu na Kongolo mwaka 1911, kisha Kabalo na Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1915, na ng'ambo ya ziwa reli ya Wajerumani ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Kabambare iliachwa kando, ikabaki na kumbukumbu za misafara. Lakini mwelekeo ulikuwa ule ule wa zamani: ziwa, Kigoma, pwani.

Dar es Salaam aliyoikuta ilikuwa imejaa Wakongo. Orchestra Maquis ilikuwa imeshatoka Lubumbashi na kutikisa kumbi. Vyombo mara nyingi vilikuwa mali ya mfanyabiashara au shirika, mpigaji akalipwa mshahara, na nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania bila mwanamuziki kupata cha maana. Makassy walipohamia Nairobi, Remmy alibaki, akaingia Orchestra Matimila, baadaye Super Matimila.

Hapo ndipo Kiswahili cha utotoni kilipomlipa. Wenzake wengi waliotoka magharibi mwa Kongo walijifunza Kiswahili ukubwani, na mara nyingi walirudi kwenye Lingala pale hisia zilipopanda. Remmy alikuwa nacho Kiswahili tangu utotoni. Aliweza kusimama katikati ya wimbo, gitaa zikiendelea kuzunguka taratibu chini yake, akaongea na wasikilizaji kama mzee barazani: juu ya kifo, juu ya mnyonge asiye na haki, juu ya mjane na watoto waliodhulumiwa. Aliitwa Sura Mbaya, na aliimba juu ya sura yake pasipo haya. Wabeba mizigo wa Kariakoo walimsikiliza kwa sababu aliwataja.

Kaseti yake ilifika Uingereza, na mwaka 1988 tamasha la WOMAD likamwalika. Mwaka huo ikatoka albamu Nalilia Mwana, 1989 Songs for the Poor Man kwa studio za Real World, na 1992 Mambo. Nyumbani, ushujaa wake mkubwa naona ni wimbo Mambo kwa Soksi. Ukimwi ulikuwa umegunduliwa Tanzania mwaka 1983, ukiwa unaua kimya, na yeye akataja kondomu waziwazi ndani ya wimbo wa dansi. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Watu waliupata kwa kaseti na kumbini, na waliojifunza kujikinga kwa wimbo huo hawakungoja ruhusa ya redio.

Kiharusi kilimpunguzia nguvu katika miaka ya 2000. Aliokoka, akaacha dansi, akaimba Injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Sinza, alikoishi, kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy.

Tanzania imempa kituo na nafasi katika historia yake ya dansi, na ilistahili, maana ndiyo iliyompa jukwaa. Kwetu Maniema jina lake halitajwi inavyopasa. Kindu, Kasongo na Kabambare zina shule zinazofundisha watoto kwa Kiswahili kile kile, na nyimbo zake zingesikilizwa humo pasipo kutafsiriwa hata neno moja.