Soketi Iliyoletwa na Moshi wa Los Angeles

Inama chini ya dashibodi upande wa dereva, juu kidogo ya pedeli, upapase. Utagusa soketi ya plastiki, pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, yenye matundu 16 katika safu mbili. Sisi mafundi umeme wa magari tunachomeka mashine hapo kila siku, na wateja wengi hudhani kiwanda kiliiweka ili kutupunguzia kazi. Sivyo. Iliwekwa kwa ajili ya mapafu ya watu.

Mwaka 1943 jiji la Los Angeles lilifunikwa na ukungu mchafu uliowasha macho na koo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kuwa ukungu ule ulitokana na moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta, ukipigwa na jua. Mwaka 1967 California ikaunda bodi ya kusimamia hewa, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Bodi hiyo ndiyo iliyodai magari ya kuanzia toleo la 1988 yajikague yenyewe, na yawashe taa pale mfumo wa kudhibiti moshi unapoharibika.

Ila kila kiwanda kilikuwa na soketi yake na namba zake za makosa. Corolla za miaka ya 1990, zilizotujia kwa wingi kutoka Japani, zilikuwa na kiboksi chini ya boneti. Unaunganisha matundu yake ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, kisha unahesabu taa inavyopepesa. Mara mbili, inatulia, mara mbili tena: hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, hakuna kosa lililohifadhiwa. Naiheshimu sana njia ile, maana ilimfunza kijana wa gereji kutulia na kutazama. Lakini ukiletewa gari la kampuni nyingine, unaanza upya.

Mwaka 1996 Marekani ikalazimisha soketi moja na namba za pamoja kwa magari madogo yote mapya. Ulaya ikafuata: petroli 2001, dizeli 2004. Kwangu hili ndilo jambo kubwa katika historia yote hii. Sheria ilimpa fundi wa gereji ya mabati nafasi ya kusoma kosa lilelile analolisoma wakala wa kiwanda.

Ukichomeka mashine kwenye soketi hiyo ikakataa kuwaka, chukua mita upime tundu la 16, ambalo lina moto wa betri hata swichi ikiwa imezimwa. La 4 na la 5 ni ethi. Moto usipofika, anza na fyuzi.

Namba ikishatoka, kazi ndiyo kwanza inaanza. P0171 inasema hewa imezidi mafuta, basi. Huenda mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa imechafuka, au pampu ya mafuta imechoka. Wapo wanaoisoma na kumwuzia mteja sensa ya oksijeni papo hapo, na jambo hilo linaniuma. Kwa hiyo, ndugu mwenye gari, kabla hujatoa hela ya spea, mwombe fundi akuonyeshe namba aliyoipata, na akueleze alipima nini baada ya kuisoma.